Swichi ya mnara na swichi ya wingu: nani anayeamua tutakachokiona kutoka Nairobi?

Alasiri ya Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, picha za maandamano zilitoweka kwenye televisheni za Wakenya wengi. Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilikuwa imeviagiza vituo vyote vya redio na televisheni visitishe matangazo mubashara ya maandamano hayo, yaliyofanyika kuadhimisha mwaka mmoja tangu waandamanaji walipolivamia Bunge kwa hasira ya Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. NTV na KTN vilikatiwa mawimbi, kisha Citizen. Jioni ile ile Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo na kuamuru mawimbi yarejeshwe. Zaidi ya watu kumi walipoteza maisha siku hiyo katika maeneo mbalimbali ya Kenya.

Hata hivyo, matangazo yenyewe hayakukoma. Kamera zilibaki barabarani, watangazaji waliendelea kusema, na mwenye simu na bando aliyafuata kwenye YouTube na kwingineko. Kwa sisi tuzungumzao Kiswahili hapa Uganda, ambao mara nyingi habari za Nairobi hutufikia kwa njia ya simu na si kwa antena ya juu ya paa, kuzimwa kwa mnara kulikuwa habari ya kusikia tu. Picha yetu ilikuwa ikipita njia nyingine.

Njia hiyo nyingine haizungumzwi sana, na wala haina mnara wa kupigwa picha. Ndani yake kuna hatua moja ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote: hatua ya kuigeuza picha moja iliyotoka barabarani iwe mitiririko mingi inayofaa kila simu na kila jukwaa. Kazi hiyo siku hizi hufanyika katika kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile zinazoitwa wingu. Mamlaka iliyokuwa kwenye swichi ya mnara haikupotea ilipofika huko. Imegawanyika na kuhamia mikononi mwa watu wengine.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa miaka michache nyuma. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo chake cha mfano katika bustani ya Uhuru Park, serikali ya Kenya ilizima NTV, KTN News, Citizen na Inooro. Mahakama iliamuru tarehe 1 Februari virejeshwe, lakini NTV na KTN havikurudi hewani hadi tarehe 5, na Citizen kilingoja siku kadhaa zaidi. Wakati huo pia vituo vilikimbilia mtandaoni. Tofauti kati ya mwaka 2018 na mwaka 2025 ni kwamba kilichokuwa kimbilio cha dharura kimekuwa barabara kuu. Chumba cha habari cha leo hutuma mtandaoni kila siku, kuwe na ghasia au kusiwe.

Sasa tuifuate picha hiyo. Mpiga picha aliyesimama Kenyatta Avenue hubeba mkoba mgongoni, na ndani yake mna kadi kadhaa za simu za kampuni tofauti. Kifaa hicho huigawa picha vipande vipande, kila kadi ikabeba sehemu yake, ili mtandao mmoja ukilemewa na umati mingine iendelee. Picha inapoondoka hapo huwa tayari imebanwa, kwa sababu video ghafi ya ubora wa juu hula zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde, mzigo usioweza kubebwa na kadi yoyote ya simu. Hubanwa kwa kanuni za kihisabati, ambazo maarufu zaidi bado ni H.264 iliyoidhinishwa mwaka 2003, mpaka ikabaki megabiti tano au sita hivi kwa sekunde. Halafu husafirishwa kwa itifaki ya RTMP, kongwe lakini inayopokelewa karibu kila mahali, au kwa SRT, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017 na inastahimili vizuri zaidi mtandao unaokatika katika.

Hapo ndipo shida yenyewe huanza. Megabiti sita kwa sekunde ni chakula kizuri kwa televisheni kubwa ya sebuleni yenye intaneti ya nyaya. Kwa simu ya bei nafuu iliyoko Malaba au Kasese, yenye mtandao wa kuokoteza, mtiririko huo hauchezi kabisa, na kama ukicheza hukomba bando lote kabla ya mtangazaji kumaliza salamu. Tena kila jukwaa lina masharti yake. YouTube hupokea picha ya kulala. TikTok hupendelea ya kusimama, iliyokatwa pembeni ili ijae simu. Facebook tangu mwaka 2019 inadai mtiririko wa moja kwa moja uwe umefungwa kwa usimbaji wa siri. Simu za Apple zinataka picha ikatwe vipande vya sekunde chache kwa mtindo wa HLS, ambao kampuni hiyo iliutoa mwaka 2009, na vifaa vingine vinakubali pia mtindo wa DASH.

Je, kituo kitume nakala tano tofauti kutoka barabarani? Haiwezekani. Nakala tano za megabiti sita ni megabiti thelathini kwenda juu, na hakuna mkoba wa kadi za simu utakaozipandisha katikati ya umati ambao kila mmoja wao naye anarusha picha zake. Kwa hiyo hutumwa nakala moja tu, iliyo bora kadiri inavyowezekana, hadi kwenye seva za wingu. Huko hufunguliwa, ikapunguzwa ukubwa, ikabanwa upya mara kadhaa kwa wakati mmoja, na kutoka hapo ikagawanywa. Wahandisi huita matokeo yake ngazi, na jina hilo linafaa: kila kipandio ni ubora mmoja, na simu ya mtazamaji hupanda na kushuka yenyewe kwa kadiri ya nguvu ya mtandao wake.

Vipandio hivyo vikipigiwa hesabu ya bando, maana yake huonekana wazi. Kipandio cha juu cha megabiti tano kwa sekunde hutumia gigabaiti mbili na robo kwa saa moja. Cha kati, chenye mistari 480 na kubanwa hadi megabiti 1.2, hutumia megabaiti 540. Cha mistari 240 kilichobanwa hadi kilobiti 350 hutumia kama megabaiti 158. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, hutumia megabaiti 29 tu. Kati ya kipandio cha juu na sauti tupu kuna tofauti ya karibu mara themanini. Anayepanga ngazi, akiamua kwamba kipandio cha chini kabisa kiwe mistari 360 kwa sababu 240 inaharibu sura ya nembo ya kituo, amewafungia mlango watu ambao hatawaona wala hawatampigia simu kulalamika. Hakuna afisa wa serikali aliyehusika, wala hakuna mahakama ya kukimbilia.

Kwa nini kazi hii imepelekwa kwenye wingu badala ya kufanywa na mashine za kituo chenyewe? Sababu ni moja tu yenye uzito. Habari haina ratiba. Kituo ambacho siku ya kawaida kina watazamaji elfu mbili mtandaoni kinaweza kupata laki moja ndani ya nusu saa, kisha kikarudi elfu mbili usiku. Kununua mashine za kumudu siku ile moja na kuziacha zikikaa bure mwaka mzima ni hasara. Kukodi kwa saa ni nafuu.

Nafuu hiyo lakini ina mkia mrefu. Gharama ya kugeuza picha si kubwa. Gharama kubwa ni kuisambaza. Tufanye hesabu ya kukadiria. Watazamaji laki moja, kila mmoja kwenye kipandio cha kati, kwa saa moja, ni gigabaiti elfu hamsini na nne. Tukichukulia senti kumi za dola kwa kila gigabaiti, hiyo ni dola 5,400. Maandamano ya saa sita yangegharimu zaidi ya dola elfu thelathini na mbili, na tangazo la sabuni halirushwi katikati ya mabomu ya machozi. Ndiyo maana vyumba vya habari vya ukanda wetu, hata vile vikubwa, huikabidhi kazi yote YouTube na wenzake. YouTube hupokea ile nakala moja, huigeuza ngazi nzima mpaka mistari 144, na huisambaza duniani bila kumdai mwenye kituo hata senti.

Bure hiyo ndiyo iliyookoa matangazo ya Juni 2025, na haifai kubezwa. Hata hivyo, hapo ndipo swichi mpya zilipo.

Swichi ya kwanza iko kwa mwenye jukwaa. Anaweza kuufunga mtiririko kwa kisingizio cha picha za damu, kwa dai la hakimiliki juu ya wimbo uliosikika kutoka kwenye kipaza sauti cha waandamanaji, au kwa uamuzi wake tu. Mwishoni mwa Agosti 2025, maandamano yaliposhika kasi nchini Indonesia, TikTok ilisimamisha kwa muda huduma yake ya matangazo mubashara katika nchi nzima, na kusema imefanya hivyo kwa hiari kwa ajili ya usalama. Agizo la Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya angalau lilikuwa na barua, sheria iliyotajwa, na jaji aliyeweza kulipindua siku ile ile. Hiari ya kampuni haina jaji wa karibu.

Swichi ya pili tunaijua sisi wenyewe. Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kifungo hicho kiliendelea miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa. Kituo cha Nairobi kinachotegemea Facebook kwa matangazo yake kinazungumza na Wakenya, na kwa Waganda wale tu wanaotumia njia za kuzunguka. Mtu anaweza kusema hilo si kosa la kituo, na ni kweli. Lakini ugeuzaji wa wingu una uwezo wa kuirusha nakala ile ile kwenye majukwaa manne kwa pamoja, na nyongeza ya gharama ikawa ndogo. Kuchagua jukwaa moja ni kuchagua nchi.

Swichi ya tatu ni ile ya intaneti yenyewe. Siku tano za Januari 2021 hapa kwetu, na tena Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, zilionyesha kwamba ngazi iliyopangwa vizuri kiasi gani haina maana pale njia ya mwisho inapokatwa. Kipandio cha sauti cha kilobiti 64 hakipiti mahali ambapo hata ujumbe mfupi wa mtandaoni haupiti. Siku kama hizo redio ya masafa mafupi na ya kati hurudi kuwa mfalme, jambo ambalo wakurugenzi wanaofunga mitambo hiyo kwa kubana matumizi wangefanya vyema kulikumbuka.

Tena kuna mkongo wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala na Kigali. Vituo vikubwa vya wingu vya Amazon, Microsoft na Google barani Afrika viko Cape Town na Johannesburg. Picha ya mtu aliyesimama Kisumu huweza kwenda Afrika Kusini au Ulaya kugeuzwa, ndipo irudi Busia, mwendo wa gari wa saa chache kutoka pale ilipopigwa. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa dola bilioni moja wa kujenga kituo cha data Olkaria, kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Kituo cha namna hiyo kingefupisha safari hiyo. Kingeweka pia seva ndani ya mipaka ya nchi ambayo mamlaka yake tayari tumeiona ikizima minara, na sijasikia wanaokishangilia wakilizungumzia hilo.

Nirudi kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo jambo linapotugusa sisi wasikilizaji kuliko watazamaji. Wengi wanaofuata kituo hiki walizoea redio, na wanachokitaka kutoka mtandaoni ni kile kile: kusikia, simu ikiwa mfukoni, mikono ikiwa kazini. Teknolojia hiyo haina shida yoyote na hilo. Katika HLS kipandio cha sauti tupu ni kitu cha kawaida, na miaka ya mwanzo Apple iliwalazimisha wenye programu zinazorusha video ndefu kwenye mitandao ya simu wawe nacho. Lakini anayefungua mtiririko huo huo kwenye programu ya bure ya YouTube hulazimika kuiacha skrini ikiwaka na kulipia picha asiyoitazama. Kusikiliza skrini ikiwa imezimwa kumewekwa katika huduma ya malipo. Hapa Uganda, ambapo kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018 na nafasi yake ikachukuliwa Julai 2021 na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando, kila megabaiti ya picha isiyotazamwa imetozwa kodi.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Kituo kinaweza kuendelea kuiacha video YouTube, huku sauti ikirushwa kwenye tovuti yake chenyewe. Tukirudia hesabu yetu, wasikilizaji laki moja wa sauti kwa saa moja ni gigabaiti 2,900, yaani dola 290 hivi badala ya dola 5,400. Hiyo ni gharama ambayo chumba cha habari cha wastani kinaweza kuibeba siku ya hatari, na inampa kitu ambacho YouTube haiwezi kumpa: njia isiyo na swichi ya jukwaa.

Linalonitia hamu zaidi, na ambalo sijaona likipewa uzito katika ukanda wetu, ni kwamba mtiririko mmoja wa picha unaweza kubeba sauti kadhaa. HLS na DASH zote huruhusu picha moja iambatane na sauti ya Kiingereza, ya Kiluganda na ya Kiswahili, msikilizaji akachagua kwa kubonyeza. Hakuna haja ya kuirudia picha. Kila lugha huongeza zile kilobiti 64 tu. Wapenzi wa filamu wameshauzoea mpango huo. Mikutano ya bunge, hotuba za bajeti na kesi zinazorushwa mubashara bado hutolewa kwa lugha moja. Kizuizi kimojawapo ni ile itifaki kongwe ya RTMP, ambayo katika hali yake ya kawaida hubeba sauti moja tu, hivyo kituo kinachotuma kwa njia hiyo moja kwa moja hadi kwenye jukwaa la bure kimeshaitupa lugha ya pili kabla ya safari kuanza. SRT hubeba sauti nyingi. Mkalimani akikaa chumbani na kipaza sauti chake, sauti yake inaweza kuunganishwa huko huko kwenye wingu.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Tangu hapo mjadala umekuwa juu ya walimu na vitabu, na ni mjadala halali. Lakini Bunge la Kampala hurusha vikao vyake mtandaoni kwa picha safi, na mzungumzaji wa Kiswahili wa Arua au Bombo anayetaka kujua kilichoamuliwa juu ya kodi ya bando lake hufuata kikao hicho kwa Kiingereza, au hungoja muhtasari wa jioni. Mkalimani mmoja, kipaza sauti kimoja na kilobiti 64 vingetosha kuanza kikao kijacho.